Macho ya Boggs, miguu ya Brock: tuhesabu upya mikimbio ya Rickey Henderson

Tarehe 29 Julai 1989, mjini Seattle, Rickey Henderson wa timu ya besiboli ya Athletics ya Oakland alishika gongo mara nne bila kupata pigo hata moja. Aliyeanza kuwarushia siku ile alikuwa Randy Johnson, kijana wa mkono wa kushoto mwenye urefu wa mita 2.08, ambaye baadaye angeogopwa na kila mpigaji wa Marekani. Henderson alitembea bure mara nne, akaiba vituo vitano, akarudi nyumbani mara nne. Oakland waliandikiwa mikimbio minne ya mtu ambaye, ukipitisha kidole kwenye safu ya mapigo ya mchezo ule, unamkuta na sifuri.

Naianza makala na siku hiyo kwa sababu kila mtu anapolitaja jina la Henderson, sentensi ya pili huwa ni mbio zake. Aliiba vituo 1,406, na hakuna aliyewahi kumkaribia. Mimi nasema sifa hiyo, ingawa ni ya kweli, imeificha kazi yake kubwa zaidi. Henderson ndiye mtu aliyerudi nyumbani mara nyingi kuliko wote katika historia ya Ligi Kuu ya Marekani, mara 2,295, na miguu peke yake isingemfikisha huko. Nitaonyesha kwa hesabu.

Kwanza tuelewane maneno, maana besiboli kwetu bado ni mchezo wa wachache. Mpigaji anatoka nyumbani, anapita kituo cha kwanza, cha pili na cha tatu, na akirudi nyumbani salama timu inaandikiwa mkimbio mmoja. Jina tumeliazima kwenye kriketi, lakini uzito wake unakaribia zaidi bao la mpira wa miguu, kwa kuwa mchezo mzima unaweza kwisha kwa mikimbio mitatu dhidi ya miwili. Kufika kituo cha kwanza kuna njia mbili kuu. Ya kwanza ni kuupiga mpira ukaangukia pasipo na mtu. Ya pili ni kuiacha mipira mibovu ipite: mrushaji akitupa minne nje ya eneo la kupigwa katika zamu moja, mpigaji anapewa kituo cha kwanza bure. Hayo tuyaite matembezi. Akishafika, anaweza kungoja mwenzake apige, au akachomoka mrushaji anaporusha na kukiiba kituo cha mbele. Na mpira ukivuka ukuta wa uwanja, hiyo ni homurani. Aliyeupiga anazunguka vituo vyote kwa raha zake.

Kila mkimbio una wenyewe wawili, kama bao lenye mfungaji na mtoa pasi. Yuko aliyerudi nyumbani, na yuko aliyeupiga mpira uliomrudisha. Wa kwanza anaandikiwa mkimbio. Wa pili anaandikiwa kuleta. Kwa miaka mingi waandishi wa Marekani walimpenda yule wa pili. Mwaka 1985 Henderson, akiwa Yankees ya New York, alirudi nyumbani mara 146 katika michezo 143. Don Mattingly, aliyepiga nyuma yake, aliandikiwa kuleta 145. Kura za mchezaji bora wa ligi ya Amerika, moja ya ligi mbili zinazounda Ligi Kuu, zilipohesabiwa, Mattingly akawa wa kwanza na Henderson wa tatu. Simnyang'anyi Mattingly haki yake, alikuwa mpigaji hodari kwelikweli. Lakini huwezi kumleta nyumbani mtu ambaye hayuko kituoni, na upande huo wa hesabu haukupigiwa kura ya kutosha.

Sasa tumweke Henderson kando ya wenzake. Kwenye orodha ya mikimbio ya maisha yote, chini yake yuko Ty Cobb mwenye 2,245, kisha Barry Bonds 2,227, kisha Hank Aaron na Babe Ruth wenye 2,174 kila mmoja, kisha Pete Rose mwenye 2,165. Watazame hao kwa kundi. Bonds alipiga homurani 762, Aaron 755, Ruth 714. Kila homurani ni mkimbio ambao mtu amejiletea mwenyewe, hakumwomba mwenzake msaada. Henderson alikuwa na homurani 297. Ukiondoa mikimbio ya homurani kwa kila mmoja, Bonds anabaki na 1,465, Aaron 1,419, Ruth 1,460. Henderson anabaki na 1,998. Mara 1,998 alifika kituoni kwa njia nyingine na akapata namna ya kurudi nyumbani. Katika hao niliowataja, Cobb na Rose peke yao ndio wanaoweza kukaa naye meza hiyo, na Cobb alianza kucheza mwaka 1905, zama ambazo homurani ilikuwa kitu cha nadra.

Rose ndiye jibu kwa wanaosema Henderson alishinda kwa kukaa sana. Ni kweli alikaa: misimu 25, kuanzia 1979 hadi 2003, michezo 3,081. Lakini Rose alikaa zaidi. Rose alipata zamu za kupiga 15,890, Henderson 13,346. Rose ana mapigo 4,256, rekodi ambayo haijavunjwa, na Henderson ana 3,055. Yaani Rose alipata zamu 2,544 zaidi na mapigo 1,201 zaidi, kisha akarudi nyumbani mara 130 pungufu. Muda mrefu uwanjani unasaidia, sikatai. Ila kama muda ndio siri, rekodi ingekuwa ya Rose.

Siri iko kwa watu wawili wengine, nao ndio hasa walionifanya nikae na kalamu.

Wa kwanza ni Lou Brock wa Cardinals ya St. Louis, aliyecheza kuanzia 1961 hadi 1979. Yeye ndiye aliyekuwa mfalme wa wizi kabla ya Henderson, vituo 938, mpaka tarehe 1 Mei 1991 Henderson alipoiba kituo cha tatu na kuking'oa na kukinyanyua juu ya kichwa. Tazama wanavyofanana. Brock ana mapigo 3,023, Henderson 3,055. Tofauti ni 32, kitu kidogo mno kwa maisha mazima. Wastani wa kupiga (sehemu ya zamu zilizotoa pigo, matembezi yakiachwa nje ya hesabu) wa Brock ni asilimia 29.3, wa Henderson ni 27.9, kwa hiyo Brock yuko juu. Wote wawili walikuwa wapigaji wa kwanza kwenye orodha ya timu, wote wezi wa vituo. Shabiki wa miaka ya 1970, akiwa na vipimo vya wakati ule, angekuambia Brock ni bora kidogo.

Brock alirudi nyumbani mara 1,610. Henderson, mara 2,295. Pengo la mikimbio 685.

Limetoka wapi? Tufanye hesabu moja rahisi. Chukua mara zote mtu alizofika kituoni kwa pigo, kwa matembezi au kwa kugongwa na mpira, kisha toa homurani. Halafu uliza: katika hizo, mara ngapi alirudi nyumbani? Henderson alifika mara 5,046 na kurudi mara 1,998, asilimia 39.6. Brock alifika mara 3,684 na kurudi mara 1,461, asilimia 39.7. Nilipopata namba hiyo niliirudia mara mbili, nikidhani nimekosea kujumlisha. Wakishafika kituoni, wawili hao ni mtu mmoja. Tena haki itendeke kwa Brock: yeye alicheza miaka ambayo warushaji walitawala, hadi mwaka 1968 wastani wa timu ukawa mikimbio 3.42 tu kwa mchezo, na wapigaji waliomfuata walikuwa na kazi ngumu zaidi ya kumrudisha. Kwa miguu na akili ya kukimbia vituo, sioni ubaya kumweka Brock mbele.

Tofauti iko kabla ya kituo cha kwanza. Brock alitembea bure mara 761 katika maisha yake yote. Henderson alitembea mara 2,190. Asilimia ya kufika kituoni ya Brock ni 34.3, ya Henderson ni 40.1. Katika kila zamu 100, Henderson alifika kituoni takriban mara sita zaidi, na kila alipofika alikuwa yule yule mwenye miguu ya Brock.

Hapa inafaa kumtazama kwa karibu anavyosimama. Henderson alikuwa na sentimeta 178, wala si mtu mfupi wa kushangaza. Lakini alipoingia kupiga alijikunja, magoti yamepinda, kiuno kimeinama, kichwa kimesogea mbele, utadhani anachungulia chini ya mlango. Kanuni inasema eneo la kupigwa linaanzia katikati ya mabega na kiuno, linaishia chini ya goti, nalo linapimwa kwa jinsi mpigaji anavyosimama anapojiandaa kupiga. Kwa kujikunja vile alilifanya eneo liwe dogo kama kitabu. Mrushaji akipandisha mpira kidogo, mwamuzi anasema mbovu. Akishusha kidogo, mbovu. Akiona hana pa kutupa, analazimika kuutia katikati, na hapo Henderson ana nguvu za kuupiga mpaka nje ya uwanja. Mara 81 alifungua mchezo kwa homurani, rekodi nyingine ya kwake. Mrushaji alikuwa na mabaya mawili mbele yake, na Henderson alikuwa na subira ya kumwachia achague.

Wa pili ninayemtaka hapa ni Wade Boggs, aliyejulikana zaidi akiwa Red Sox ya Boston. Huyu alikuwa na macho pengine kuliko mtu yeyote wa kizazi chake. Kuanzia 1983 hadi 1989 alipata mapigo 200 au zaidi kila msimu, miaka saba mfululizo. Alimaliza na wastani wa asilimia 32.8, matembezi 1,412, na asilimia ya kufika kituoni 41.5. Soma namba hiyo tena: Boggs alifika kituoni mara nyingi kuliko Henderson kwa kila zamu 100. Na huko Boston miaka ya 1980 aliwakuta nyuma yake watu kama Jim Rice na Dwight Evans, wapigaji wa kuogofya, katika uwanja uliojaa mikimbio.

Mpitishe kwenye hesabu ile ile. Boggs alifika kituoni, bila homurani, mara 4,327. Alirudi nyumbani mara 1,395, asilimia 32.2. Katika misimu 18 aliiba vituo 24. Alikuwa anafika, anasimama, anangoja. Na mara mbili kati ya tatu awamu, yaani zamu ya timu nzima kupiga, iliisha bila yeye kurudi nyumbani.

Basi tuwachanganye. Mpe Henderson miguu ya Boggs, yaani afike mara zile zile 5,046 lakini arudi kwa asilimia 32.2, kisha mrudishie homurani zake 297. Anamaliza na mikimbio kama 1,922. Mwache na miguu yake, lakini mpe macho ya Brock, afike kituoni kwa asilimia 34.3 ya zamu zake. Anamaliza na kama 1,990. Kila njia utakayoichukua, hafiki 2,000 na rekodi inabaki kwa Cobb. Nusu moja ya Henderson, iwe ipi, inatoa mchezaji mkubwa wa kuingia Jumba la Mashujaa kule Cooperstown. Brock yumo, Boggs yumo. Ila 2,295 inatoka tu pale nusu zote mbili zinapokaa kwenye mwili mmoja, kwa miaka 25.

Kuna msomaji atakayeniambia kwamba wizi wa vituo umeachwa nyuma kwenye maelezo haya. Sijauacha, nataka tuupime kwa bei yake halisi. Kuiba kituo kunasogeza mtu mbele, lakini kukamatwa kunamtoa kituoni na kuiondolea timu moja ya nafasi zake tatu za awamu. Makadirio yanayotumiwa sana na wachambuzi ni kwamba kituo kilichoibwa kina thamani ya takriban mbili ya kumi ya mkimbio, na kukamatwa kunagharimu takriban nne ya kumi. Henderson aliiba 1,406 akakamatwa mara 335. Mapato 281, hasara 134, faida inabaki kama mikimbio 147 kwa maisha yake yote. Hiyo ni chini ya sita kwa msimu. Brock, kwa 938 na kukamatwa mara 307, anabaki na faida ya kama 65. Matembezi nayo yanakadiriwa kuwa na thamani ya tatu ya kumi kila moja. Matembezi 2,190 ni zaidi ya mikimbio 650. Picha tuliyonayo vichwani ya Henderson ni ya mtu anayeruka kichwa mbele, vumbi limetanda. Kilichoijaza kapu la Oakland na New York kwa wingi zaidi ni yeye kusimama tuli na kutopiga.

Mtu makini ataona pengo hapo. Kama wizi umeleta 147 tu, mbona miguu ya Boggs inampunguzia Henderson mikimbio zaidi ya 370? Sababu ni mbili. Miguu haikuiba tu. Ilitoka kituo cha kwanza hadi cha tatu kwa pigo moja la mwenzake, ilifika nyumbani kwa mpira mfupi wa angani ambao mwingine asingethubutu. Hayo hayamo kwenye hesabu ya wizi. Ya pili inahitaji ukweli: baadhi ya mikimbio iliyoandikwa kwa jina la mwizi ingeingia hata asingeiba, maana mwenzake aliyefuata angepiga mpira mrefu na kumleta popote alipo. Anayerudi anaandikiwa yeye, timu haijaongezewa kitu. Ndiyo maana sipendi kuhesabu mkimbio wa mtu kana kwamba ni mali yake peke yake.

Misimu miwili ya Henderson mwenyewe inaonyesha jambo hilo vizuri kuliko maneno yangu. Mwaka 1982, akiwa Oakland, aliiba vituo 130, rekodi ya zama za sasa, na kila mtu anaukumbuka. Alifika kituoni kwa pigo, matembezi au kugongwa mara 261. Timu ilikuwa dhaifu, ilipoteza michezo 94, na yeye alirudi nyumbani mara 119. Mwaka 1985 Yankees walimweka mbele ya Mattingly na Dave Winfield. Alifika kituoni mara 274, kumi na tatu tu zaidi, na aliiba 80, hamsini pungufu. Alirudi nyumbani mara 146. Ukiondoa homurani, asilimia yake ya kurudi ilipanda kutoka 43 hadi karibu 49. Mwaka wa wizi mkubwa ndio uliompa umaarufu. Mwaka aliopungua wizi na kupata wenzake wa kumpiga nyumbani ndio ulioijaza jedwali. Na katika 1982 alikamatwa mara 42. Mwaka 1985, mara 10.

Hii pia ndiyo sababu napinga kumlinganisha mfunguzi, yaani mpigaji wa kwanza kwenye orodha, na wafunguzi wenzake peke yao. Wapo watu walioajiriwa kuleta, na ni haki kumweka nao kwenye mizani. Kipimo cha zamani kinasema: jumlisha mikimbio na kuleta, toa homurani ili mkimbio mmoja usihesabiwe mara mbili. Eddie Murray, mpigaji wa nguvu wa Baltimore aliyecheza 1977 hadi 1997, ana mikimbio 1,627, kuleta 1,917 na homurani 504. Jumla yake ni 3,040. Dave Winfield ana mikimbio 1,669, kuleta 1,833 na homurani 465. Jumla yake ni 3,037. Henderson, mtu wa kwanza kwenye orodha, anayeingia kupiga mara nyingi vituo vikiwa vitupu, ana mikimbio 2,295, kuleta 1,115 na homurani 297. Jumla yake ni 3,113.

Sitaki kuikuza kupita kiasi. Ukigawa kwa michezo, wote watatu wanakaa kwenye mkimbio mmoja kwa mchezo, Winfield akiwa mbele kwa unywele. Ukigawa kwa zamu, Henderson yuko nyuma yao kidogo. Na Hank Aaron, kwa kipimo hicho hicho, ana 3,716, yuko peke yake kwenye ghorofa nyingine. Lakini fikiria maana yake. Murray na Winfield waliingia kupiga wakiwakuta wenzao vituoni, kazi ya kuwatanguliza imeshafanywa na mtu mwingine. Henderson ndiye aliyekuwa huyo mtu mwingine. Kwa kazi ya kufungua mlango, alizalisha sawa na waliolipwa kubeba mizigo.

Kosa la kuhesabu mapigo na kuyaacha matembezi limewaumiza wengi, na aliyeumia zaidi, kwa maoni yangu, ni Tim Raines. Alikuwa mfunguzi wa Montreal miaka ile ile, akaiba vituo 808 na kukamatwa mara 146 tu, usalama kuliko wa Henderson. Mlinganishe na Tony Gwynn, bingwa wa mapigo wa San Diego. Gwynn ana mapigo 3,141, Raines 2,605. Lakini ukiongeza matembezi na kugongwa, Raines alifika kituoni mara 3,977 na Gwynn mara 3,955. Raines ana mikimbio 1,571, Gwynn 1,383. Gwynn aliingia Cooperstown kwa mara yake ya kwanza kupigiwa kura, mwaka 2007, kwa asilimia 97.6, na alistahili. Raines alisubiri hadi 2017, kura yake ya kumi na ya mwisho. Miaka kumi ya kusubiri kwa sababu nyayo zake za kwenda kituo cha kwanza zilikuwa za polepole mno kupigiwa makofi.

Henderson hakusubiri, aliingia mwaka 2009 kwa asilimia 94.8. Hata hivyo bado naona anasomwa vibaya, na namba za uzeeni ndizo zinazonisikitisha kwamba hazisemwi. Mwaka 1998, akielekea miaka 40, wastani wake wa kupiga ulishuka hadi asilimia 23.6. Kwa kipimo cha zamani huyo ni mtu wa kuagwa. Aliongoza ligi ya Amerika kwa matembezi 118, akaiongoza kwa vituo 66 alivyoiba, akarudi nyumbani mara 101. Mwaka uliofuata, na Mets ya New York, alifika kituoni kwa asilimia 42.3 na kurudi nyumbani mara 89 katika michezo 121. Mikono ilikuwa imeanza kuchoka. Macho hayakuchoka.

Homurani maarufu kuliko nyingi za kizazi chake nayo ilianza kwa macho hayo. Oktoba 1993, fainali, mchezo wa sita, Toronto wako nyuma 6-5 na wanaingia awamu ya tisa, ya mwisho. Henderson, aliyehamia Toronto katikati ya msimu, ndiye wa kwanza kupiga dhidi ya Mitch Williams wa Philadelphia. Mipira minne, yote mibovu, Henderson anatembea. Kwa kumwogopa asiibe, Williams akafupisha mwendo wake wa kurusha. Mmoja akatolewa, Paul Molitor akapiga pigo salama, kisha Joe Carter akaupeleka mpira nje ya ukuta na ubingwa ukaisha hapo hapo. Picha inayozungushwa kila mwaka ni ya Carter akirukaruka. Mkimbio wa kusawazisha, ule wa sita, ulikuwa wa Henderson.

Alifariki tarehe 20 Desemba 2024, siku tano kabla ya kutimiza miaka 66. Miezi mitatu nyuma yake timu ya Athletics ilikuwa imecheza mchezo wake wa mwisho Oakland, kwenye uwanja ambao nyasi zake zilikuwa zimepewa jina lake tangu 2017.

Rekodi ya Cobb aliivunja tarehe 4 Oktoba 2001, akiwa San Diego na umri wa miaka 42. Aliivunja kwa homurani, mkimbio ambao hakuna anayemkimbiza mtu. Angeweza kuja nyumbani anapiga mluzi. Alizunguka vituo, na alipokaribia nyumbani akajitupa chini, akateleza miguu mbele mpaka akaligusa bamba, huku wenzake wakimngoja. Msimu ule wastani wake wa kupiga ulikuwa asilimia 22.7. Alikuwa na mapigo 86 na matembezi 81, na alirudi nyumbani mara 70.